Naomba ushauri: mdogo wangu na udereva wa treni

Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu ana diploma ya umeme, anataka kusomea udereva wa treni, ile ya umeme ya Dar–Dodoma. Wazee nyumbani wanasema mshahara hautalingana na kazi. Nami nina wasiwasi. Treni ikiwa kwenye mwendo wa kilomita 160 kwa saa, hata ukifunga breki za dharura inahitaji karibu kilomita nzima kusimama. Kwa hiyo dereva lazima aijue njia kichwani: kona, miteremko, wapi apunguze, na nyuma yake kuna mamia ya abiria wamelala. Huo ni ujuzi mzito jamani.

Mlio kwenye fani, posho za safari na zamu za usiku zinafidia? Kwenye mkataba aangalie nini kabla hajasaini?