Mpango wa janga la homa ya mafua ngazi ya wilaya: tuanze na hesabu gani?

kamati_afya:
Wakuu, habari zenu. Tumetakiwa kuandika mpango wa kukabili janga la homa ya mafua, yaani virusi vipya ambavyo watu hawana kinga navyo. Eneo lina wakazi 40,000, hospitali moja ya vitanda 60 na zahanati tano. Rasimu tuliyopewa imejaa "kuimarisha" na "kuhamasisha", ila haisemi mitungi mingapi, watumishi wangapi, wala nani aamue nini. Mngeanzia wapi?

takwimu_afya:
Anzeni na wiki ya kilele, si jumla ya wagonjwa. Kwa kupangia tu, chukulieni robo ya watu wataugua: 10,000. Wimbi likidumu wiki 8, wagonjwa hawaji kwa usawa; wiki ya kilele ipeni robo yao, 2,500. Nusu wakija kutibiwa ni karibu watu 180 kila siku, juu ya wagonjwa wenu wa kawaida.

Wa kulazwa wekeni asilimia 1, yaani 100, na 25 kati yao waje wiki hiyo hiyo. Fanyeni pia hesabu ya pili kwa asilimia 4, maana janga la 1918 na la 2009 hayakulingana hata kidogo kwa ukali.

Vitanda 25 mtavipata kwa kuahirisha upasuaji usio wa haraka. Kitakachowakwamisha ni oksijeni. Wagonjwa 10 wakitumia lita 5 kwa dakika kila mmoja, ni lita 72,000 kwa siku. Mtungi mkubwa una takriban lita 6,800, kwa hiyo mnamaliza mitungi 11 kila siku. Mpango unaosema "mitungi 20 ipo" unazungumzia akiba isiyotimiza siku mbili! Andikeni inajazwa wapi, gari lipi linabeba, na safari inachukua saa ngapi kwenda na kurudi. Mashine za kuzalisha oksijeni hupunguza safari hizo, lakini zinahitaji umeme usiku na mchana, kwa hiyo pigeni hesabu ya mafuta ya jenereta pia. Halafu fundi ahesabu regyuleta (kifaa cha kudhibiti oksijeni inayotoka mtungini) na mirija ya puani sasa hivi. Mtungi uliojaa usio na regyuleta inayoendana nao haumsaidii mgonjwa.

muuguzi_zamu:
Hesabu ni nzuri, ila inachukulia watumishi wote wapo kazini. Hawatakuwepo. Wengine wataugua, wengine watabaki nyumbani kuuguza. Pangeni kwa theluthi moja kukosekana wiki za kilele, na kila kazi isiyosimama iwe na watu watatu wanaoiweza. Msiishie kwa madaktari na wauguzi. Mwendesha jenereta, dereva, mfuaji na mhudumu wa chumba cha maiti ndio husahaulika, na mmoja wao akikosekana wodi nzima inakwama.

Andikeni pia huduma zipi zinasimama na kwa mpangilio gani. Uzazi, dharura na chanjo za watoto haziguswi. Wenye kisukari, shinikizo la damu, kifua kikuu au wanaotumia ARV, kama hali zao zimetulia, wapewe dawa za muda mrefu mapema ili wasipange foleni moja na wanaokohoa.

Kuhusu lini mpango uanze kazi: kila zahanati ihesabu kwa wiki wenye joto la 38 °C au zaidi pamoja na kikohozi, waliougua ndani ya siku 10, na itume idadi hata kama ni sifuri. Ikizidi mara mbili ya kawaida ya msimu huo kwa wiki mbili mfululizo, mganga mfawidhi afungue eneo la wanaokohoa siku hiyo hiyo. Sampuli zipelekwe maabara, ila msisubiri majibu ndipo muanze. Dalili hujitokeza siku 1 hadi 4 tu baada ya kuambukizwa, na mtu huanza kuambukiza takriban siku moja kabla hajajihisi mgonjwa.

kamati_afya:
Asanteni sana. Na dawa na chanjo? Wajumbe wanasema chanjo ndiyo nguzo ya mpango.

famasia_kuu:
Kwa wimbi la kwanza, msiitegemee. Mwaka 2009 virusi viligunduliwa Aprili, na chanjo ikaanza kutolewa Septemba na Oktoba. Hata hivyo andaeni nafasi yake. Dozi mbili kwa watu 40,000 ni sindano 80,000, na kisanduku cha usalama cha lita 5 huchukua takriban sindano 100. Hivyo ni visanduku 800 vya kuteketeza. Je, tanuru lenu linaweza? Pimeni na nafasi halisi ndani ya friji za 2 hadi 8 °C. Chanjo ya mafua ya sindano ikiganda imeharibika, na mara nyingi huganda kwa kugusana na barafu ndani ya kisanduku cha kubebea.

Oseltamivir, dawa ya kupambana na virusi vya mafua, ya kutibu mtu mzima ni miligramu 75 mara mbili kwa siku kwa siku 5, vidonge 10. Hufaa zaidi ikianza ndani ya saa 48 tangu dalili zianze, kwa hiyo akiba ikifungiwa yote stoo kuu, muda huo utaishia kwenye fomu za maombi. Gaweni sehemu kwenye zahanati mapema, pamoja na orodha iliyosainiwa ya wanaoanza kupewa: waliolazwa, wajawazito, watoto chini ya miaka miwili, wenye magonjwa sugu. Orodha hiyo isainiwe sasa, kabla simu za kuombea ndugu na jamaa hazijaanza.