Mrejesho: swichi ya winchi ndani ya gari

Wakuu, niliuliza namna ya kuendesha winchi (mashine ya kebo ya kuvuta gari likikwama) ya Hilux nikiwa kwenye usukani, bila kushuka na rimoti ya waya kwenye tope. Imekubali.

Fundi rewaya (umeme wa magari) wa Gerezani, Dar, hakugusa nyaya nene za betri. Alichukua zile nyembamba tu za solenoidi (swichi ya umeme inayowasha mota ya winchi), akazipitisha kwenye tundu lenye mpira hadi kwenye dashibodi. Swichi inarudi katikati yenyewe ukiiachia: juu inavuta, chini inalegeza. Umeme wake unatoka laini ya funguo kupitia fyuzi, kwa hiyo gari likizimwa watoto hawawezi kuichezea.

Mliosema niweke swichi ya kawaida ya taa, hapana jamani. Ukijisahau, winchi inaendelea kuvuta. Rimoti nimeibakiza, maana kukunja kebo lazima uione ngoma inayoizungushia.