Bosi kaniambia nijiandae kuwa msanifu wa mifumo, yule anayepanga sehemu za mfumo wa kompyuta ziungane vipi. Nianze na cheti gani?

mwana_temeke: Wakuu, mwaka wa sita huu naandika programu kwa lugha ya Java, na data naiweka kwenye hifadhidata ya PostgreSQL. Cheti gani kitanivusha?

babu_seva: Mkuu, cheti baadaye. Mimi usanifu nilifundishwa na usiku mmoja wa mwisho wa mwezi. Mtandao unasuasua, mteja anabonyeza "Lipa", kimya, anabonyeza tena. Tukamkata pesa mara mbili, na wengi kama yeye. Majaribio yote yalikuwa yamepita! Ila hakuna aliyejiuliza: jibu lisiporudi, tutajuaje kama pesa imeshatoka? Sasa kila ombi la malipo linabeba namba yake ya kipekee. Likirudi mara ya pili, mfumo unatoa jibu lile lile, haukati tena.

mwana_temeke: Duh. Sasa kesho nianze na nini?

babu_seva: Chora mfumo wenu kwenye karatasi moja, mishale ionyeshe sehemu ipi inawasiliana na ipi. Pembeni ya kila mshale andika: huu ukikatika, nini kinatokea? Kisha mpelekee mhasibu, siyo programa mwenzako. Asipoelewa, chora upya.

dada_kodi: Na ujue kukataa. Sisi tuko watano, bosi anataka mfumo ugawanywe vipande ishirini eti Netflix, kampuni kubwa ya filamu mtandaoni, wanafanya hivyo 😂