Mjadala: Wanawake watafiti vyuoni wanapunjwa, au ni uamuzi wao?

Mleta mada:
Wadau, kila nikisema sisi wanawake wa biolojia hatupati mazingira sawa na wenzetu wa kiume, najibiwa: "Sayansi haina jinsia. Chapisha, utapanda."

Miaka ya 1990 Nancy Hopkins, profesa wa biolojia chuo kikuu cha MIT, Marekani, aliomba nafasi zaidi ya kuwekea samaki wake wa utafiti. Akanyimwa. Alichukua futi kamba, akapima maabara moja baada ya nyingine. Vipimo vikaonyesha maprofesa wanawake wana nafasi ndogo kuliko wanaume. Mwaka 1999 ikatoka ripoti ya MIT yenyewe, na tatizo likakubaliwa. Bila ile futi kamba, angeambiwa analalamika tu.

Mchangiaji:
Dada, hayo ya zamani. Mimi mwanaume nimekaa miaka sita bila kupanda cheo, na hakuna aliyenihurumia. Wanawake wengi hupunguza kasi wenyewe wakishapata watoto. Mfumo una kosa gani hapo?

Mleta mada:
Kaka, pole kwa hiyo miaka sita. La watoto lina uzito, ila mtoto ana wazazi wawili; mbona inayodorora ni kazi ya mama?

Halafu jaribio la mwaka 2012 halikuwa na mtoto ndani yake. Watafiti wa chuo kikuu cha Yale, Marekani, waliwapa wanasayansi 127 wa vyuo wasifu wa mwombaji wa kazi ya maabara. Wengine walisoma jina John, wengine Jennifer, mengine yote yakiwa sawa neno kwa neno. John akaonekana hodari zaidi, akapangiwa mshahara wa dola 30,000 na ushee kwa mwaka. Jennifer 26,500 hivi. Maprofesa wanawake nao walimpunja Jennifer, kwa hiyo sisemi wanaume ni wabaya.

Kwenye vikao vya idara yetu, daftari la muhtasari husukumwa mezani mpaka linifikie, hata nikikaa kona ya mwisho. Nikishaanza kuandika, hoja yangu inapitwa. Nikiinua kichwa wameshahamia ajenda nyingine. Saa hizo hazina hata mstari kwenye fomu ya kupandishwa cheo.

Ninachotaka zihesabiwe. Nafasi ya maabara, wanafunzi wa kusimamia, kamati, muhtasari: vibandikwe ukutani, jina kwa jina. Zikionyesha hakuna tofauti, nafuta hoja yangu hapa hapa. Kaka, katika miaka yako sita, muhtasari umeandika mara ngapi?