Je, kuongoza kwaya kunaweza kuwa kazi ya maisha?

Sauti ya Kondele ameuliza:

Hamjambo wote. Nina umri wa miaka 22, naishi Kisumu, na kwa miaka minne nimeongoza kwaya ya vijana kanisani kwetu bila malipo yoyote isipokuwa nauli, ambayo nayo huja siku ikipenda. Katika mtihani wa kidato cha nne nilipata B ya muziki na B- kwa jumla. Baba anataka nisomee uhasibu, kwa kuwa anaamini mwalimu wa kwaya ni mtu wa kupigiwa makofi Jumapili na kukopa unga Jumatatu. Nikisema nataka kuwa kondakta, mama mdogo huuliza kama nimepata gari la kwenda Kibos. Naomba mliopitia njia hii mniambie ukweli: mtu huishi kwa kazi hii, au huishi kwa kazi nyingine huku akiimbisha?

Mwalimu Mstaafu, Kakamega:

Kijana wangu, kwa miaka yote niliyofundisha, mshahara wangu ulitokana na somo la muziki na somo la Kiswahili, wala hakuna mwezi hata mmoja niliolipwa kwa sababu ya kuongoza kwaya. Baba yako basi hajakosea sana, ila amesahau kwamba ualimu wa muziki ni kazi kamili. Tume ya Huduma kwa Walimu humtaka mwalimu wa sekondari awe na masomo mawili ya kufundishia, na awe amepata angalau C+ kwa jumla na C+ katika kila moja ya masomo hayo. Kwa muziki umeshavuka. Tazama sasa alama ya somo lako la pili, na lichague lile linalofundishwa katika kila shule, maana shule zisizo na muziki ni nyingi. Huna haja ya kwenda mbali, kwani katika Chuo Kikuu cha Maseno wanafundisha muziki, na ni karibu na kwenu.

Kuhusu ufundi wenyewe, nimekaa kwenye meza ya waamuzi mara kadhaa katika Tamasha la Muziki, ambalo limekuwapo nchini tangu 1927, na kosa ninalolisikia zaidi si sauti mbaya. Ni kiongozi anayerusha mikono kana kwamba anafukuza kuku shambani, ilhali waimbaji wamekwisha kumwacha na kufuata kinanda. Mkono wa kiongozi huanza kazi kabla ya sauti, pale waimbaji wanapovuta pumzi. Pumzi ikivutwa ovyo, neno la kwanza litaingia vipande vipande. Kosa la pili ni la lugha. Kijaluo na lugha za Waluhya hutofautisha maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti, kwa hiyo anayechukua maneno ya kwetu na kuyabandika juu ya muziki wa Ulaya anaweza kuwafanya wazee wacheke mahali palipokusudiwa machozi. Anayepanga wimbo wa kiasili hana budi kuusikiliza kwanza kwa wenyewe, kisha ndipo agawe soprano, alto, teno na besi. Mkumbushe baba yako kwamba wimbo wa taifa anaousimamia wima ulipatikana hivyo: mwaka 1963 Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi waliutayarisha kutokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto.

Besi wa Nakuru:

Namheshimu Mwalimu, lakini mimi sikuajiriwa na serikali na bado nalipa kodi ya nyumba. Asubuhi za Jumamosi nafundisha watoto piano majumbani, nawatayarisha kwa mitihani ya muziki ya ABRSM, bodi ya Uingereza, ambayo ina gredi kuanzia 1 hadi 8, na katika muhula wa pili shule hunialika kuzinoa kwaya zao kabla ya mashindano ya kitaifa ya Agosti. Baada ya hapo huja ukame, na usipoweka akiba utamkumbuka baba yako. Kanisa moja liliwahi kuniahidi malipo ya mwezi baada ya mwezi, nami nikaridhika na maneno. Ukikubaliana kwa mdomo, utalipwa kwa mdomo. Andikianeni.

Jambo jingine: wengi wetu tumelelewa na sol-fa, yaani kuandika muziki kwa do-re-mi, na ni njia nzuri, kwa kuwa «do» huhama pamoja na ufunguo, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo umejengwa juu yake, na mwimbaji hahitaji kuhesabu mistari. Lakini siku utakapowekwa mbele ya wapiga fidla, karatasi zao hazitakuwa na do-re-mi. Jifunze kusoma noti za mistari sasa, ukiwa bado huna watoto wa kulea.

Sauti ya Kondele:

Nawashukuru nyote. Mwalimu, nimetazama cheti: historia nilipata B, hisabati C-. Nadhani uhasibu umejiondoa wenyewe. Ndugu wa Nakuru, noti za mistari nazisoma polepole kama mtoto wa gredi ya kwanza. Je, nianze na piano, au nianze kwa kunakili kwa mkono nyimbo nilizokwisha kuzijua kwa sol-fa?

Besi wa Nakuru:

Nakili. Sauti ya besi kwanza, maana ndiyo isiyosikilizwa na mtu.