Naomba ushauri: wanafunzi wangu wanafuta walichotabiri

Walimu wenzangu na wazazi, habari za kazi. Nafundisha darasa la pili hapa Moshi, watoto 58, na kuna jambo linaninyima raha.

Wiki iliyopita nilileta machungwa mawili na ndoo ya maji. Moja nililimenya, jingine nikaliacha na ganda. Nikawaambia kila mmoja achore kwanza anachodhani kitatokea. Karibu wote walichora lenye ganda likiwa chini, kwa kuwa ndilo zito. Nilipoyatia majini, lenye ganda likaelea (ganda lake lina hewa ndani), lililomenywa likazama. Nilitegemea mshangao. Badala yake nikasikia vifutio vikikwaruza madaftari. Binti mmoja wa dawati la mbele alifuta mpaka karatasi ikatoboka, akachora upya, kisha akaniletea nimwekee vema.

Iliniuma. Ule mchoro wa kwanza ndio niliokuwa nautaka.

Hata nikiuliza "mnaona nini?" wanatazama uso wangu, hawatazami ndoo. Asubuhi tukitoka nje kuangalia Mlima Kilimanjaro, nikiwauliza kama mawingu yataufunika kabla ya saa nne, wanajibu kwa pamoja, "Ndiyo mwalimu!"

Nimewaza kuwapa kalamu za wino badala ya penseli, ila nahofia wataogopa kuandika kabisa. Wenzangu mmefanyaje? Utabiri mnausahihisha au mnauacha ulivyo? Na kwa darasa kubwa hivi, mnapataje muda wa kumsikiliza kila mtoto akieleza kwa nini? Hata mbinu ndogo tu, naomba.