Mama katolewa taya la juu kwa saratani, uji unatokea puani. Naomba ushauri

Wakuu, habari za jioni.

Bi mkubwa ana miaka 61. Miezi mitano iliyopita alifanyiwa upasuaji, akatolewa taya la juu upande wa kulia pamoja na kaakaa. Mionzi kamaliza mwezi jana. Limebaki tundu: akinywa uji unatokea puani, akiongea mimi ndiye mkalimani wake. Na alikuwa mwimbishaji wa kwaya! Siku hizi anakula chumbani, kajifunika khanga. Jirani anasema tuuze kiwanja twende India. Hakuna njia nyingine? Natanguliza shukrani.

Fundi_Meno: Pole sana mkuu. Kiwanja kiacheni kwanza. Anachohitaji kinaitwa obtureta: meno bandia yenye nundu kwa juu, ndiyo inayoziba tundu. Anavaa, anavua, anaosha. Kwa Dar anzieni Muhimbili, upande wa meno. Tunaziba tundu kwa chachi kabla ya kuchukua umbo la kinywa, lile tope la kuchukulia umbo lisije likagandia humo ndani. Ya mwanzo huwa ya muda, nyama zikishatulia anatengenezewa ya kudumu. Mdomo unafunguka kiasi gani?

Mleta uzi: Kidole kimoja, tena kwa shida.

Fundi_Meno: Hapo sasa. Mionzi na makovu hukaza misuli, na kwa mdomo huo obtureta haipiti. Kawaida viingie vidole vyake vitatu. Mwambieni daktari, halafu aanze mazoezi: vijiti vya aiskrimu vilivyobebanishwa kati ya meno, anaongeza kimoja kimoja. Na asing'olewe jino bila kusema alipigwa mionzi, mfupa unaweza kukataa kupona.

Mzee_Kobe: Mimi navaa hiyo. Wiki ya kwanza ilinikwaruza nikajifanya mwanaume, nikapata kidonda. Asivumilie, arudi ipunguzwe. Usiku naivua nailoweka, tundu nalisuuza kwa maji ya chumvi. Ikianza kuvuja tena msikae nyumbani, madaktari waangalie na tundu lenyewe.

Dada_wa_Tanga: Pua yangu ni ya silikoni. Gundi na jasho la huku haviivi chungu kimoja, kwa hiyo imeshikizwa kwenye miwani. Jua limeshaipausha ya kwanza, hii ni ya pili. Mimi nilianza kutoka kwenda sokoni asubuhi, kabla watu hawajajaa. Kwaya isubiri.

Mleta uzi: Asanteni sana. Mrejesho: jana vijiti vinane, leo tisa. Cha kumi kanitupia.